Maisha ya Kanali Meinertzhagen, Mkuu wa Wapelelezi



Katika toleo hili la gazeti letu nimepewa nafasi ya kuandika maisha ya mtu mashuhuri wa zamani. Wenzangu wa Kidato cha Nne walitazamia ya kuwa nitaandika habari za Mwalimu Nyerere, kwa kuwa kutoka hapa Musoma mpaka Butiama ni mwendo mfupi tu, na makumbusho yake tumekwisha kuyaona. Lakini habari za Mwalimu zimeandikwa mara nyingi, na watu wanaojua kuliko mimi. Mimi nimemchagua mtu ambaye hakuzaliwa kwetu, na ambaye sikumchagua ili nimsifu. Jina lake ni Kanali Richard Meinertzhagen, Mwingereza, aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa jeshi la Waingereza katika Afrika ya Mashariki mwaka 1915 na 1916, wakati Waingereza walipopigana na Wadachi, yaani Wajerumani, katika nchi hii yetu.

Baadhi ya wenzangu waliniuliza kwa nini nipoteze karatasi ya shule kwa ajili ya mkoloni. Jibu langu ni hili. Vita vile vilifika mpaka kwetu. Mwezi wa Novemba 1914 meli ya Waingereza iliyoitwa Sybil ilikwama huko Majita, nayo ikabaki pale hata Mei 1915, Waingereza walipokuja na askari wakaiokoa. Januari 1915 walikuwa wamekwisha kuiteka bandari ya Shirati. Watu wetu walichukua mizigo na bunduki za pande zote mbili. Walakini wale watu hawakuandika vitabu. Aliyeandika ni Meinertzhagen, na mambo mengi ya siri za vita vile tunayapata kwake. Sasa imekuja kujulikana ya kuwa mtu huyu, ambaye kazi yake ilikuwa kutafuta kweli, alikuwa pia mwongo mkubwa. Naona ni jambo linalotuhusu sisi tunaosoma historia ili tufanye mtihani, na linawahusu pia wazazi wetu.

Richard Meinertzhagen alizaliwa mjini London tarehe 3 Machi 1878. Jina lake ni gumu kutamka kwa kuwa ukoo wa baba yake ulitoka Bremen, Ujerumani. Baba yake alikuwa tajiri mwenye benki, na watoto nyumbani walikuwa kumi. Alisoma katika shule ya bweni ya Harrow, shule ya watoto wa wakubwa. Tangu utoto alipenda ndege wa mwituni kuliko kitu kingine chochote. Alijifunza kuwatazama, kuwapiga, kuwachuna, na kuzihifadhi ngozi zao. Baba yake alitaka awe mtu wa benki, akampeleka Ujerumani kujifunza kazi hiyo. Kazi ya benki hakuipenda hata kidogo, lakini lugha ya Kidachi aliishika, nayo baadaye ilimfaa sana. Mwaka 1899 akaingia jeshini, katika rejimenti ya Royal Fusiliers, akapelekwa India.

Mwaka 1902 alihamishiwa Afrika ya Mashariki katika jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee wetu waliliita Keya. Ndilo jeshi lile lile ambalo miaka arobaini baadaye, mwaka 1942, aliingia kijana wa Butiama, David Musuguri, ambaye hatimaye alikuwa Jenerali na Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi ya Tanzania. Lakini wakati wa Meinertzhagen Keya ilikuwa changa, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwatiisha wenyeji. Yeye alikaa Fort Hall, ambayo leo ni Murang'a, na sehemu za Nyeri, katika nchi ya Wakikuyu. Katika shajara zake, yaani madaftari ya habari za kila siku, ameandika mwenyewe ya kuwa mwaka 1902 aliamuru kijiji kizima kiuawe isipokuwa watoto, kulipiza kisasi cha mzungu mmoja aliyeuawa kwa ukatili. Hayo hakuyaandika kwa kuungama. Aliyaandika kama mtu aandikavyo hesabu ya mali.

Walakini katika misitu ya nchi hiyo alifanya jambo moja ambalo hata leo hakuna anayelikana. Mwaka 1904 alipeleka London ngozi na mafuvu ya nguruwe mkubwa wa msituni, mweusi, mwenye manyoya marefu. Wataalamu wa makumbusho ya London walikuwa hawajapata kumwona, wakampa jina la kitaalamu kutokana na jina la Meinertzhagen. Bila shaka wawindaji wa misitu ile walimjua mnyama huyo tangu zamani za mababu, lakini hakuna aliyeuliza majina yao. Naomba msomaji aliweke jambo hili moyoni, maana tutalikuta tena mbele.

Sasa nafika kwenye siku iliyolifanya jina lake lichukiwe katika Kenya. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, nayo ilipita kando ya nchi ya Wanandi. Wanandi, wakiongozwa na Orkoiyot wao, Koitalel arap Samoei, walipigana na Waingereza kwa miaka kama kumi. Waliwavizia wasafiri, wakakata nyaya za simu na kung'oa vyuma vya reli. Waingereza walipeleka majeshi mara kadhaa, lakini hawakuweza kuwashinda. Ndipo Meinertzhagen alipowaza ya kuwa Koitalel akiondolewa vita vitakwisha. Akapeleka habari ya kutaka waonane ili wazungumze amani. Tarehe 19 Oktoba 1905 alikwenda na askari wachache, na wengine akawaweka karibu na silaha zao. Koitalel akaja. Katika mkutano ule wa amani Koitalel alipigwa risasi akafa, pamoja na watu wake kadhaa.

Juu ya siku ile zipo habari mbili. Meinertzhagen aliandika ya kuwa Wanandi walikuwa wamepanga kumwua, naye akawawahi. Wanandi wamesimuliana kizazi baada ya kizazi ya kuwa mzungu alinyoosha mkono wa kusalimiana, na Koitalel alipoupokea akauawa. Maofisa wenzake wa Kiingereza walimfanyia uchunguzi mara tatu, na kila mara wakamwona hana hatia. Lakini wakubwa wa London waliona vibaya, na mwaka 1906 akaondolewa katika Afrika ya Mashariki. Fimbo za Koitalel alizichukua akaenda nazo Uingereza, zikakaa huko miaka mia moja. Mwaka 2006 mwanawe alizirudisha Kenya. Kwa muda mrefu vitabu vilichukua habari ya Meinertzhagen, kwa sababu yake iliandikwa, na ile ya Wanandi ilikaa midomoni tu. Tutaona punde kama kuandikwa peke yake ni dhamana ya kweli.

Baada ya miaka michache alirudi kwenye jeshi la India, akasoma katika chuo cha maofisa cha Quetta. Mwezi wa Agosti 1914 vita vikaanza Ulaya. Waingereza wakaamua kuiteka Tanga kwa jeshi litokalo India, askari kama 8,000, chini ya Meja Jenerali Aitken. Meinertzhagen, wakati huo Kapteni, alichukuliwa kuwa ofisa wa upelelezi kwa kuwa aliijua nchi na lugha ya adui. Jenerali Aitken aliwadharau askari weusi wa Wadachi, akadhani watakimbia mara moja.

Tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Waingereza ilifika Tanga, na nahodha wake, badala ya kushambulia, akaenda kwanza kuwaambia Wadachi ya kuwa vita vinaanza. Wadachi wakapata nafasi. Jemadari wao, Paul von Lettow-Vorbeck, akaleta askari kwa gari moshi kutoka Moshi. Watu wake wote walikuwa kama 1,000 tu. Vita vikubwa vilikuwa tarehe 4. Sisi wanafunzi tumezoea kusema kwa mzaha ya kuwa Waingereza walishindwa na mizinga ya aina mbili, ya vita na ya nyuki, maana katikati ya mapigano nyuki walichafuka wakawauma watu wa pande zote. Lakini walioshinda hasa ni askari wetu weusi, ambao Jenerali aliwadhania kuwa si kitu. Waingereza walipata hasara ya watu zaidi ya 800, waliouawa na waliojeruhiwa. Waliacha ufukoni bombomu 16, bunduki 455, na risasi 600,000, ambazo Wadachi walizitumia muda mrefu baadaye. Meinertzhagen ndiye aliyepelekwa na bendera nyeupe mpaka hospitali ya Tanga kupatana juu ya majeruhi.

Kutokana na aibu ile Waingereza walitambua ya kuwa jeshi lisilo na habari ni kama kipofu. Mwanzoni mwa mwaka 1915 Meinertzhagen akawekwa Nairobi kuwa mkuu wa upelelezi wa jeshi zima. Napenda nieleze kidogo kazi hiyo ilivyokuwa, kwa sababu wengi wetu tunajua upelelezi wa sinema tu.

Kazi ya kwanza ya mkuu wa wapelelezi ni kuhesabu. Lazima ajue adui ana kampani ngapi, kila moja iko wapi, ofisa wake ni nani, ina bombomu ngapi na chakula cha siku ngapi. Kwa mfano, tarehe 11 Julai 1915 manowari ya Wadachi iitwayo Königsberg iliangamizwa katika mto Rufiji. Lakini mizinga yake kumi ilitolewa majini, ikatengenezewa magurudumu, ikakokotwa na mamia ya watu kwenda huku na huku katika nchi. Tangu siku hiyo ilimpasa mpelelezi ajue kila mzinga uko wapi, maana jeshi likienda bila kujua lingekutana nao njiani.

Kazi ya pili ni kuzipata habari. Meinertzhagen alitumia wajumbe na wapelelezi Waafrika, waliovuka mpaka kwa miguu, wakakaa karibu na kambi za Wadachi, kisha wakarudi kusimulia waliyoyaona. Sisi wa Mara twaweza kufahamu upesi jambo hilo lilivyowezekana. Mpaka ule ulichorwa na wazungu kwa rula, ukapita katikati ya Wakurya, na Wajaluo, na Wamasai. Mtu mwenye shangazi upande huu na mjomba upande ule, nani atamshangaa akivuka? Aliposhikwa alinyongwa au kupigwa risasi. Aliporudi salama alipewa ujira wake akaenda zake, na jina lake halikuandikwa mahali tunapoweza kulisoma.

Zaidi ya wajumbe, alikusanya karatasi. Maofisa wa Wadachi walipungukiwa na karatasi kwa sababu meli zao hazikuweza kufika, basi walitumia chooni barua na hesabu zilizokwisha kazi. Meinertzhagen aliagiza vyoo vya kambi zilizohamwa vipekuliwe, na karatasi zile ziletwe. Wanafunzi wenzangu watacheka, na kazi yenyewe bila shaka ilikuwa ya kuchukiza. Lakini katika karatasi zile, kwa maelezo yake, alipata majina ya maofisa, sahihi zao, na maagizo yao. Ni fundisho zuri ya kuwa habari ya thamani mara nyingi iko mahali ambapo wenye kiburi hawataki kutazama.

Alikuwa na hila nyingine ya kutisha. Anasimulia ya kuwa palikuwa na mpelelezi mmoja hodari wa Wadachi ambaye hakuweza kumkamata. Basi akamwandikia barua ya kumshukuru kwa habari alizoleta, akatia na fedha ndani, akaituma kwa njia ambayo alijua itakamatwa. Wadachi wakaisoma, wakaamini ya kuwa mtu wao amewasaliti, wakamwua wenyewe. Kama ni kweli, mtu asiye na kosa kwa mabwana zake aliuawa kwa kalamu tu. Nasema kama ni kweli, kwa sababu habari hiyo haina shahidi mwingine ila yeye.

Mwezi wa Juni 1915 Waingereza walipita ziwani kwetu kwenda kuishambulia Bukoba. Tarehe 22 na 23 walipigana, wakauvunja mnara wa simu ya upepo ambao kwao Wadachi walipokea habari, kisha askari wakauteka nyara mji. Meinertzhagen alikuwako. Mwaka 1916 akaja Jenerali Smuts kutoka Afrika ya Kusini kuwa jemadari mkuu, na Machi mwaka huo wakaingia Moshi. Mkuu wa upelelezi alikuwa pamoja naye. Mwanza ilitekwa Julai. Walakini Lettow-Vorbeck hakukamatika. Alirudi nyuma akipigana, akaingia Msumbiji, akarudi tena, hata akaweka silaha chini huko Abercorn, katika Rhodesia ya Kaskazini, tarehe 25 Novemba 1918, vita vya Ulaya vikiwa vimekwisha wiki mbili nyuma. Kwa muda huo Meinertzhagen alikuwa amekwisha kuondoka. Aliugua mwishoni mwa mwaka 1916, akarudishwa Uingereza.

Walioteseka zaidi katika vita vile hawakuwa wapelelezi wala majemadari. Walikuwa wapagazi. Kila askari mmoja alihitaji watu kadhaa wa kumchukulia chakula na risasi, na wapagazi makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa njaa, malaria, na kuhara. Jina la Kariakoo katika Dar es Salaam lilitoka kwa kikosi chao cha wapagazi. Sokoni pale watu hununua na kuuza kila siku, na wachache hukumbuka ya kuwa wanatembea juu ya kambi ya wale watu.

Baada ya kupona Meinertzhagen alipelekwa Misri, na huko ndiko alikopata sifa kubwa kuliko zote. Oktoba 1917 Jenerali Allenby alitaka kuwashambulia Waturuki Beersheba, katika Palestina, huku akiwafanya waamini ya kuwa atashambulia Gaza. Basi ofisa mmoja wa Kiingereza alipanda farasi akakaribia walinzi wa Waturuki, wakampiga risasi, akajifanya amejeruhiwa, akakimbia na kuangusha shanta. Ndani ya shanta mlikuwa na karatasi za uongo juu ya mipango ya vita. Tarehe 31 Oktoba Beersheba ikatekwa. Kwa miaka mingi dunia iliamini ya kuwa Meinertzhagen ndiye aliyeibuni hila ile na ndiye aliyepanda farasi, maana ndivyo alivyosimulia. Wachunguzi wa siku hizi wamepekua karatasi za jeshi wakaona ya kuwa hila ilibuniwa na ofisa mwingine, na mpanda farasi naye alikuwa mwingine. Yeye alijitwalia sifa ya wenzake.

Miaka yake iliyofuata nitaipita upesi. Alihudhuria mkutano wa amani wa Paris mwaka 1919, akawa ofisa wa siasa wa Waingereza katika Palestina, kisha mshauri wa jeshi katika ofisi ya makoloni, London. Mwaka 1925 akaacha jeshi, naye ni Kanali. Mke wake Annie, aliyekuwa mtaalamu wa ndege, alikufa kwa risasi nyumbani Uskoti mwaka 1928. Serikali ilisema ni ajali, na wengine wamekuwa na shaka hata leo. Baadaye Meinertzhagen alidai ya kuwa alipata kuonana na Hitler mara tatu, na ya kuwa mara moja alikuwa na bastola mfukoni. Kati ya mwaka 1957 na 1960 alichapisha shajara zake, akapata sifa mpya. Alikufa London tarehe 17 Juni 1967, mwenye umri wa miaka 89, akiheshimiwa kama shujaa wa vita na bingwa wa ndege.

Aliyemfichua hakuwa askari. Walikuwa ndege.

Mwaka 1954 alikuwa ameyapa makumbusho ya London ngozi za ndege kama 20,000. Kila ngozi ya ndege ina kikaratasi kilichofungwa mguuni, nacho kinasema ndege huyu alipigwa wapi, siku gani, na nani. Bila kikaratasi hicho ngozi ni manyoya tu. Kikaratasi ndicho ushahidi wake. Katika miaka ya 1990 wataalamu, miongoni mwao Pamela Rasmussen wa Marekani na Robert Prŷs-Jones wa Uingereza, walianza kuzichunguza ngozi zile moja moja. Kila mchuna ndege ana mkono wake, kama vile kila mwanafunzi ana mwandiko wake. Mmoja hujaza pamba hivi, mwingine hushona vile. Walitumia hata picha za eksirei kutazama ndani. Wakaona ya kuwa ngozi nyingi Meinertzhagen hakuzipata mwenyewe. Aliziiba katika makumbusho yale yale na kwingineko, akatoa vikaratasi vya zamani, akafunga vyake vyenye mahali pa uongo na tarehe za uongo.

Msomaji atasema, ndege wamekwisha kufa, hasara iko wapi? Nitajibu kwa bundi mmoja mdogo wa misitu ya India. Bundi huyo alipatikana kwa hakika mara ya mwisho mwaka 1884, wala hakuonekana tena. Lakini Meinertzhagen alikuwa na ngozi moja ambayo alisema aliipata mwaka 1914, mahali pengine kabisa. Watu waliomtafuta bundi huyo waliongozwa na habari hiyo, wakapoteza nguvu zao. Rasmussen alipogundua ya kuwa ngozi ile iliibwa kwa mwingine, akaitupa habari ya 1914, akaenda na wenzake mahali palipoandikwa na wakusanyaji waaminifu wa zamani. Novemba 1997, katika Maharashtra, wakamwona bundi yule juu ya mti, mzima. Kwa zaidi ya miaka mia moja ndege alikuwako. Uongo wa mtu mmoja ulisaidia kumficha.

Hapo ndipo wenye hekima walipoanza kuzitazama shajara zake pia, wakaona ya kuwa alizipiga chapa upya baadaye, na kwamba mambo mengine aliyaongeza. Na mimi niliposoma habari hiyo nilikumbuka Koitalel. Mtu aliyebadilisha kikaratasi mguuni mwa ndege, asiye na hasara wala faida kwake, je, tumwamini tu anaposimulia mkutano ambao maisha yake na cheo chake vilitegemea masimulizi hayo? Sisemi ya kuwa kila neno lake ni uongo. Tanga ilikuwa kweli, na Bukoba, na nguruwe wa msituni yuko hata leo. Ubaya wa mwongo hodari ndio huo, ya kuwa huchanganya, na baada yake hata kweli yake hatuwezi kuitumia mpaka tupate shahidi wa pili.

Na shahidi wa pili wa vita vile ni nani? Ni wale wapagazi na wajumbe. Wao wote wamekwisha kufa. Lakini wajukuu wao tunao, Majita, Shirati, Ikizu, Ikoma, na nyumbani kwetu Bunda. Wazee hao walisikia kwa babu zao kabla ya kuwapo redio katika kijiji. Masimulizi yao nayo yana makosa, maana mdomo husahau na huongeza kama kalamu. Walakini mtu akiyaweka pamoja na kitabu, kimoja humsahihisha mwenzake.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwa wanafunzi wenzangu, likizo ijayo kila mmoja wetu amwulize mzee mmoja juu ya vita vya Wadachi na Waingereza, ayaandike anayosikia bila kuyapamba, na chini yake aandike jina la msimulizi, kijiji, tarehe, na aliyasikia kwa nani. Hicho ndicho kikaratasi cha mguuni. Kwa wazazi wetu mnaosoma gazeti hili, naomba mtusaidie kuwapata wazee hao, na mtuvumilie tukiuliza maswali mengi. Mimi nitaanzia Majita, kwa kuuliza habari za ile meli Sybil. Nitakayoyapata, pamoja na majina ya walioniambia, nitamletea Mhariri kwa muhula ujao.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne